Dawa Imesingiziwa

Msomaji, iko kesi moja inayosikilizwa kila siku katika nchi yetu bila hakimu na bila wakili. Husikilizwa sokoni Chwele, husikilizwa katika matatu zitokazo Kitale kwenda Bungoma, husikilizwa matangani, na hata katika foleni ya hospitali. Mshitakiwa ni dawa ya kisukari. Shitaka lake ni kwamba imeua figo za watu. Ushahidi wenyewe ni huu: fulani alikuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, akitembea, akilima na kula kama watu wengine, siku alipoanza kudungwa sindano ya insulini haukupita muda mrefu, figo zake zikafa, naye akazifuata. Wasikilizaji hutikisa vichwa, hukumu hutolewa, na jioni ile ile mgonjwa mwingine huvitupa vidonge vyake chooni.

Nataka kuipinga hukumu hiyo. Ni ya uongo, na gharama ya uongo huo hailipwi na wausemao bali na wauaminio. Nakuomba wewe uwe hakimu. Usikubali neno langu kwa sababu limepigwa chapa katika kitabu. Lipime kama ulivyofundishwa kupima mambo katika somo la sayansi. Huko umejifunza kwamba jambo lililotangulia jingine silo lazima lililolizaa. Jogoo huwika kabla ya jua kuchomoza, lakini hajaonekana mtu aliyemchinja jogoo ili usiku uendelee.

Kwanza yafaa tumjue marehemu anayeliliwa. Figo ni mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi, nazo hukaa nyuma ya tumbo, kushoto na kulia kwa uti wa mgongo. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja maji ya damu yapatayo lita 180, yaani mitungi tisa ile ya lita 20 ambayo watu huteka mtoni. Karibu maji yote hurudishwa mwilini. Hubaki lita moja au mbili, na hizo ndizo mkojo. Kichujio kizima huzuia protini ya damu isipite, kama chujio linavyozuia majani ya chai yasiingie kikombeni.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, kuta za vichujio hivyo hunenepa, hupata makovu, na mwishowe huvuja. Protini huanza kupenya na kutoka katika mkojo. Mwanzoni hupenya kidogo sana, hata jicho haliwezi kuiona wala ulimi wa mgonjwa hauna la kusimulia. Hana maumivu. Hana homa. Huenda shambani asubuhi na kurudi jioni kama kawaida yake. Kazi hii ya uharibifu aghalabu huchukua miaka kumi hata ishirini. Miguu inapovimba, pumzi inapokatika na chakula kinapochukiza, sehemu kubwa ya figo imekwisha kupotea, na iliyopotea hairudi. Nao wanaofikiwa na msiba huu si wachache: katika wenye kisukari, yapata mmoja katika kila watatu hupatwa na ugonjwa wa figo.

Sasa rudi kwenye ushahidi wa sokoni uutazame upya. Huyo fulani, kabla hajadungwa sindano, alikuwa na kisukari kwa miaka mingapi? Aghalabu hata yeye hakujua. Alikaa nacho miaka kadhaa bila kupimwa. Alipopimwa, alipewa vidonge, akavimeza siku za kujisikia vibaya na kuviacha siku za kujisikia vizuri. Sukari ikapanda mpaka daktari akaona hapana njia iliyobaki ila insulini. Kufika hapo, figo zilikuwa zimelemewa kwa miaka kumi au zaidi. Insulini iliingia nyumbani moto ukiwa umekwisha kushika paa. Jirani aliyekuja mbio na ndoo ya maji alikutwa amesimama juu ya majivu, nasi tukamkamata yeye.

Lakini hoja ya akili peke yake haitoshi. Tuulize kama jambo hili limepata kujaribiwa. Limejaribiwa. Tangu mwaka 1983 madaktari wa Marekani na Kanada waliwafuata watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, yaani kile ambacho mwili umeshindwa kujitengenezea insulini. Waliwagawa makundi mawili. Kundi moja lilipata insulini mara moja au mbili kwa siku, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Kundi la pili liliipata mara tatu au zaidi, au kwa pampu, nalo lilipima sukari kila siku na kuishusha karibu na ile ya mtu mzima wa afya. Lau insulini ingalikuwa muuaji wa figo, kundi la pili lingaliangamia. Matokeo yalitangazwa 1993, na mambo yalikuwa kinyume. Katika kundi lililodungwa zaidi, dalili ya kwanza ya figo kuvuja protini ilipungua kwa asilimia 39, na uvujaji mkubwa ulipungua kwa asilimia 54. Ni kweli kwamba kundi hilo pia lilipatwa mara nyingi zaidi na hatari ya sukari kushuka mno, na ndiyo maana insulini hutumiwa kwa kipimo na kwa mafunzo. Hata hivyo figo zao zilinusurika.

Uingereza nayo ilifanya uchunguzi wake kuanzia 1977 juu ya watu zaidi ya 5,000 wenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha wengi duniani na hapa kwetu. Majibu yalitolewa 1998. Walioshusha sukari kwa dawa, insulini ikiwa mojawapo, walipungukiwa kwa robo na madhara ya mishipa midogo, ile ya macho na ya figo. Tena ikaonekana kwamba walioshusha shinikizo la damu walipungukiwa na madhara hayo kwa zaidi ya theluthi. Mbele ya ushahidi wa namna hii, masimulizi ya matangani yana uzito gani?

Haki yataka nikubali lililo kweli katika maneno ya wapinzani wangu, maana uongo unaodumu sana ni ule uliochanganywa na chembe ya kweli. Metfomini, kidonge cha kisukari kinachojulikana na wengi, hakiharibu figo. Lakini figo zikiwa zimekwisha kudhoofika, hushindwa kuitoa mwilini, ikalimbikizana na kuweza kudhuru. Kwa hiyo daktari huipunguza, au huiondoa kabisa. Mgonjwa akiona imeondolewa, husema, “Mmeona? Hata daktari ameigundua.” Insulini nayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi figo zikidhoofika, basi kipimo chake hupunguzwa. Haya yote ni mambo ya kumwuliza daktari na kupimwa damu mara kwa mara. Hayana udhuru wa kutupa dawa chooni.

Tena ziko dawa ambazo kweli hudhuru figo, na ajabu ni kwamba hizo hakuna anayezishitaki. Nazisema dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki. Mkulima wa Trans Nzoia amevuna mahindi siku nzima na mgongo wauma. Dukani hununua vidonge vyake kama anunuavyo kiberiti, akavimeza leo, kesho na mtondo. Dawa hizi hupunguza damu iendayo katika figo. Kwa kijana mzima, kwa siku chache, aghalabu hazileti neno. Kwa mwenye kisukari ambaye vichujio vyake vimekwisha kuchoka, kuzimeza wiki kwa wiki ni kumpiga teke mtu aliyeanguka. Hali kadhalika baadhi ya mitishamba imethibitika kuharibu figo. Basi tazama upofu wetu: kidonge kinacholinda figo tunakitupa, na kinachozidhuru tunakihifadhi chini ya mto.

Madhali mshitakiwa wa kwanza ameonekana hana hatia, hatuna budi kuwataja wenye hatia. Wa kwanza ni sukari iliyoachwa juu kwa miaka. Wa pili, naye ni ndugu yake mkubwa, ni shinikizo la damu, ambalo watu huliita presha. Ukitaka kuelewa kazi yake, nenda ukatazame maporomoko ya Nabuyole katika mto Nzoia, karibu na Webuye. Maji yale yale yanayopita kwa upole mahali pengine, hapo huanguka kwa nguvu na kulila jiwe. Damu ikisukumwa kwa nguvu mno mwaka hata mwaka, hula vichujio ambavyo si jiwe bali nyama laini. Kisukari na presha vikikutana katika mwili mmoja, figo hushambuliwa pande mbili. Wa tatu ni tumbaku, ambayo hukaza na kuchakaza mishipa ya damu. Wa nne ni unene uliopita kiasi. Wa tano ni dawa za maumivu nilizokwisha kuzitaja.

Wapo wawili wengine ambao hatuwezi kuwafukuza: wingi wa miaka mtu aliyokaa na kisukari, na ukoo aliozaliwa. Ambaye mzazi au ndugu yake alipata ugonjwa wa figo, naye yu karibu zaidi na hatari hiyo. Hawa wawili wasituvunje moyo. Watufanye tupime mapema zaidi. Mtu hawezi kubadili mahali mvua inaponyesha, lakini aweza kutazama paa lake kabla ya masika.

Uko uongo wa pili ambao ni pacha wa ule wa kwanza. Husemwa kwamba kisukari ni ugonjwa wa matajiri, wa watu wa magari na nyama za kuchoma, na kwamba mwenye jembe hana habari nacho. Waulize wauguzi wa hospitali ya kaunti ya Bungoma au wa Kitale kama benchi la kliniki ya kisukari limejaa matajiri. Maskini huugua, tofauti ni kwamba hajui. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2015 uliwakuta Wakenya wazima 88 katika kila 100 hawajapata kupimwa sukari ya damu hata mara moja maishani, na 56 katika kila 100 hawajapata kupimwa shinikizo la damu. Taifa zima limefumba macho, kisha likaapa kwamba halijaona nyoka.

Hapa lawama yangu yawapanda wakubwa pia. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilikodi vyombo vya tiba kwa ajili ya hospitali za kaunti, na baina yake zilikuwamo mashine za kusafisha damu ya watu ambao figo zao zimekufa. Jambo hilo lilikuwa jema, nami sitaki mashine hata moja iondolewe. Kabla yake wagonjwa wengi wa kaunti hizi walisafiri mbali kutafuta huduma hiyo, na wengine walifia njiani. Lakini fanya hesabu pamoja nami. Bima ya taifa ya hospitali, ambayo mahali pake palichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii mwezi wa Oktoba 2024, ililipa shilingi 9,500 kwa kila safari moja ya kusafishwa damu, mara mbili kwa juma. Majuma 52 ni safari 104, na safari 104 ni shilingi 988,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka mmoja. Na mgonjwa huyo haponi. Mwaka ujao hesabu huanza upya, naye siku mbili za kila juma amelala kando ya mashine, shamba lake limesimama.

Linganisha fedha hizo na kijiti cha kuchovya katika mkojo ili kuona kama protini inapita. Chombo hicho hakitaki umeme, wala chumba maalumu, wala daktari bingwa. Kipimo kilicho kikali zaidi, kinachogundua protini ikiwa bado chache sana, kinahitaji maabara, na gharama yake bado ni ndogo mno mbele ya shilingi laki tisa na zaidi. Kila mwenye kisukari cha aina ya pili hupaswa kupimwa hivyo tangu siku anapogunduliwa, na kila mwaka baadaye. Mwenye aina ya kwanza, baada ya miaka mitano. Je, hupimwa? Katika zahanati nyingi mgonjwa hupimwa sukari ya kidole, huandikiwa vidonge, hurudishwa nyumbani. Habari ya mkojo haiulizwi. Tumejenga daraja la dhahabu mwisho wa njia, na mwanzo wake tumeuacha matope.

Na mtu asiseme kwamba hata protini ikionekana hapana la kufanya. Mwaka 1993 ilionyeshwa kwamba dawa ya presha iitwayo kaptoprili ilipunguza karibu kwa nusu idadi ya watu wenye kisukari cha aina ya kwanza waliofikia kifo, mashine au kupandikizwa figo. Mwaka 2001 losatani ilionyesha kwamba huchelewesha figo kufa kwa wenye aina ya pili. Dawa za jamii hizi ni kongwe sasa na hutumiwa sana; hazipewi mwanamke mwenye mimba, na mtumiaji wake hupimwa damu. Tangu 2019 zimethibitika na nyingine mpya zaidi, ingawa bei yake ni mzigo kwa wengi. Kwa hiyo mlango uko wazi kwa miaka kumi. Anayekuja mwaka wa kumi na moja hana haki ya kusema kwamba haukuwako.

Najua jibu nitakalopewa. “Maneno ni mazuri,” ataniambia mzee wa Kiminini au wa Kimilili, “lakini nauli iko wapi? Nikienda hospitali, nani atapalilia? Nikifika, dawa haipo.” Jibu hili lina haki, nami silicheki. Yeye si mjinga. Anachagua baina ya dawa na karo ya mwanawe. Lakini jibu hili halimtetei yule asemaye kwamba dawa huua. Linatuonyesha mahali pa kuelekeza hasira yetu: dawa iletwe karibu, na mzigo wa kuifuata upunguzwe. Nalo limejaribiwa hapa hapa magharibi mwa Kenya. Watafiti wanaoshirikiana na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret waliwafuata watu 2,890 wenye kisukari au shinikizo la damu, au walio karibu nayo. Baadhi yao waliwekwa katika vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, mfano wa vyama ambavyo mama zetu wanavijua tangu zamani, na wakatibiwa wakiwa pamoja katika kikundi. Matokeo ya 2021 yalionyesha kwamba shinikizo la damu lilishuka zaidi kwa waliopata mambo yote mawili, akiba na matibabu ya pamoja, kuliko kwa walioachwa na utaratibu wa kawaida. Basi umaskini ni kizuizi, lakini ni kizuizi kinachoweza kusogezwa na watu waliokubaliana kukisogeza.

Sasa nakugeukia wewe, mwanafunzi. Huenda wajiuliza habari hii yakuhusu nini, hali u kijana na figo zako ni nzima. Yakuhusu kwa kuwa nyumbani kwenu wewe ndiwe unayesoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa. Wewe ndiwe unayeulizwa maana ya maneno ya daktari. Uongo wa sokoni hufika nyumbani jioni, na aghalabu hapana wa kuujibu isipokuwa wewe. Ukinyamaza, umepiga kura.

Sikushauri umkabili mzee kwa ukali. Mtoto amkosoaye babu yake mbele ya wageni hupoteza heshima na kesi kwa pamoja. Keti karibu na babu, au na nyanya yako ambaye Wabukusu humwita kukhu, wakati amepumzika. Mwombe akueleze dawa zake moja moja, kwa jina na kwa wakati anaozimeza. Mweleze mitungi tisa ya maji ambayo figo zake huchuja kila siku. Mkulima hupenda hesabu anayoweza kuiona kwa macho. Akikutajia vidonge vya mgongo, mwombe aviweke kando mpaka amwulize daktari. Akikuambia kwamba ameacha dawa ya sukari kwa kuogopa figo, usimcheke. Mwambie habari ya watu 1,441, na mwambie ni kundi gani lililookoka.

Kisha mwulize maswali matatu. Sukari yako ilipimwa lini? Presha yako ilipimwa lini? Mkojo wako umepata kupimwa protini mwaka huu? Maswali mawili ya kwanza huenda atayajibu. La tatu, yamkini atasema kwamba hajapata kulisikia tangu azaliwe. Hapo usihutubu tena. Mwulize siku ya kliniki yake, chukua kitabu chake cha hospitali, mfuate mpaka mbele ya muuguzi, na kwa adabu uombe kipimo hicho kwa jina lake.